Picha Imetulia, Jibu Halipo

S.L.P. 214,
Kisii.
14 Oktoba 1979

Mpendwa mdogo wangu Manasseh,

Pokea salamu nyingi kutoka kwetu sote. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kwamba ile baridi uliyotuandikia habari zake bado haijaanza kukung'ata masikio. Sisi tunaendelea, ila mgongo wangu unalalamika na kifua cha mama hakijatulia tangu mvua za Agosti. Mke wangu Nyamoita hajambo. Watoto hawajambo, wanakula kama nzige. Majani ya chai yanachumwa, ndizi zipo, Mungu ni mwema, ingawa wiki hii nimemshukuru kwa sauti ya chini.

Nimechoka, ndugu yangu. Nakuambia mapema ili ukikutana na ukali humu usidhani ni hasira. Hasira zilikuwepo zikaisha, ukabaki uchovu.

Unakumbuka mwezi wa tatu mama alikuuliza swali moja, nami nikakuandikia kwa mkono wangu: utarudi kujenga, au hutarudi? Wewe ndiwe kitinda mimba, na kwa desturi yetu boma la mama ni lako. Paa linavuja mahali patatu. Nimemsihi nimjengee upande wangu, amekataa. Anasema hawezi kuhama kwa mtoto wake wa mwisho kabla mtoto huyo hajasema. Basi analala na sufuria mbili kando ya kitanda, anangoja.

Mwezi wa saba jibu likaja ndani ya sanduku. Nililifungua kule nyumbani Sironga, mbele ya mama na dada yetu Persis: mashine yenye vitufe kama taipureta, nyaya, kaseti moja, kurasa za maelekezo kwa Kiingereza, na kipande cha karatasi chenye maneno kwa mama. Ulimwandikia kwamba jibu lako liko humu, kwamba mimi Thadeus nitaunganisha kompyuta na televisheni, naye atayaona maneno yako yakitokea kama sinema. Nilikuelewa. Ulitaka aone umefika wapi. Lakini ulisahau kwamba Sironga hatuna umeme, na kwamba mwenye televisheni ninayeweza kumbishia mlango ni mmoja tu, Bwana Okemwa wa duka la misumari hapa mjini.

Okemwa ni mtu mwema. Alituachia sebule yake kila Jumapili kuanzia saa nane mchana, kabla matangazo hayajaanza. Nami nikamwita Ombati, fundi wa redio wa Masimba, kwa sababu karani kama mimi anajua kufungua faili, hajui kufungua televisheni.

Nashukuru nilimwita. Siku ya kwanza nilikuwa tayari kuchomeka mashine yako ukutani, Ombati akanishika mkono. Alikuwa amesoma maandishi madogo mgongoni mwake: umeme wa huko kwenu ni nusu ya wetu. Ningeiunguza kabla haijasema neno. Ilituchukua Jumapili tatu kupata kisanduku cha kupunguza umeme, kizito kama jiwe la kusagia.

Kisha tukawasha, tukaona chenga. Skrini nzima chenga tupu, nasi tumekaa tunaitazama kama watu wanaopepeta mchele. Mama alikuwa amekuja kutoka Sironga amevaa gauni lake la Sabato, siku ya Jumapili. Alitazama kwa adabu, akauliza kama hayo ndiyo maandishi ya Amerika.

Kosa lilikuwa la Okemwa na langu. Hatukutaka kung'oa waya wa antena yake, ule unaopanda mpaka juu ya mlingoti wa mkaratusi, kwa kuwa alihangaika sana kuuelekeza. Tukaushikanisha pamoja na waya wa kompyuta katika tundu moja. Ombati alipoung'oa wa antena na kuzungusha kitufe cha stesheni polepole, maneno yakaonekana. Yalionekana na kukimbia. Picha ilikuwa inapanda juu bila kusimama, mstari juu ya mstari, mpaka mama akafumba macho akasema anasikia kichefuchefu.

Ombati akacheka, akaniambia, "Karani, hii picha iko mbio. Huko kwao wanapiga picha mbio kushinda sisi. Lazima tufundishe hii televisheni kukimbia kidogo."

Kumbe nyuma ya televisheni kuna kitufe kidogo cha kusimamisha picha. Alikizungusha kwa ncha ya kijiti, mimi nimeshika kioo cha kunyolea mbele ili aione skrini akiwa nyuma. Jumapili mbili tulicheza mchezo huo. Picha ikisimama, herufi zinakuwa na vivuli pembeni, kila moja na pacha wake. Akabadilisha waya, akaufupisha, vivuli vikaondoka. Halafu herufi zikawa nene, zimeungana kama uji. Sisi sote tulikuwa tunaongeza mwanga, tukidhani kisichosomeka kinataka taa. Okemwa ndiye aliyeagiza mapazia yafungwe na mwanga upunguzwe hadi skrini iwe nyeusi kabisa. Hapo kila herufi ikasimama peke yake.

Hiyo ilikuwa Jumapili iliyopita, tarehe saba. Niliandika jina la mama kwa vile vitufe, DRUSILLA, likatokea jeupe na safi. Alilisoma kwa sauti. Akalisoma tena. Nilitazama uso wake, nikakusamehe usumbufu wote.

Sasa nifike kwenye neno gumu.

Maelekezo yako niliyasoma mimi peke yangu. Niliona wazi kwamba maneno yako yako kwenye kaseti, na mashine inayanyonya kutoka huko. Kaseti nikamwachia Persis, kwa kuwa redio kaseti ni yake, nikamwambia azilete zote mbili siku picha itakapotulia. Sikumwambia zaidi ya hapo. Yeye na mama waliamini kwamba jibu limekaa ndani ya mashine, kama barua ndani ya bahasha, na kwamba kaseti ni nyimbo ulizomtumia mama.

Wakaisikiliza. Ikapiga kelele kama bati linalokwaruzwa kwa msumari. Wakasikitika kwamba bahari imeiharibu. Na mwezi wa nane, unajua mwenyewe, ni makambi ya kanisa. Kwaya ya Persis ilitaka kuzirekodi nyimbo zake, kaseti mpya dukani hakuna, na hii ipo, imeharibika.

Ndugu yangu, Jumapili hiyo hiyo niliiweka kaseti redioni mbele ya Okemwa, Ombati, Persis na mama. Nikafuata kurasa zako neno kwa neno. Tulingoja. Skrini ilikuwa safi kuliko siku zote, na kile kimraba kidogo kinachongoja maneno kinawaka na kuzima, kinawaka na kuzima. Nikachomoa waya uliounganisha redio na kompyuta ili nisikie kama kaseti inazunguka, ndipo sebule ikajaa sauti nne za kwaya ya Sironga.

Persis alitoka nje, tukamkuta ameketi kwenye ngazi, analia. Usimkasirikie. Mwenye kosa ni mimi niliyeweka maarifa mfukoni. Ombati alisikiliza kaseti yote, pande zote mbili, akitafuta hata kipande cha ile kelele yako. Hakuna kilichobaki.

Mama hakulia wala hakumgombeza mtu. Alitoa kwenye Biblia yake kile kipande cha karatasi ulichomwandikia, akakikunjua gotini. Akaniuliza kwa utulivu, "Thadeus, neno la kusema narudi lina urefu gani?" Nikamwambia ni fupi. Akaweka kidole chini ya jina lako, mahali pasipoandikwa kitu, akasema lingeenea hapo.

Tangu siku hiyo halizungumzii. Nimemwambia labda ulitaka kumfurahisha, vijana hupenda mashine. Ananijibu labda. Lakini juzi alimwambia Nyamoita kwamba jibu likihitaji sanduku zima, si jibu la kurudi. Sijui cha kumwambia, kwa sababu usiku wa kuamkia leo mvua ilinyesha tena, na mimi pia nimeanza kufikiri hivyo. Wewe ndiwe unayejua ulichoandika.

Nakuomba usitume kaseti nyingine. Chukua kalamu. Kama ni ndiyo, andika ndiyo, atavumilia sufuria zake mpaka ufike. Kama ni hapana, andika hapana, nami nimwezekee paa kabla ya Krismasi, alie mara moja na alale pakavu. Linalomchosha ni hili la katikati.

Nimekuwekea kaseti katika bahasha hii. Usiipe kompyuta yako, iweke kwenye redio. Wimbo wa pili, ile sauti inayochelewa kuanza na kuchelewa kumaliza ni ya mama.

Nyamoita anakusalimu, pamoja na wanetu Esnah na Momanyi ambaye hujamwona. Persis anaomba msamaha. Okemwa na Ombati, ambao hawakujui, wanauliza kama umejibu. Bwana akufunike huko uliko, aongoze na mkono wako utakaposhika kalamu.

Humu utakuta pia kile kipande chako cha karatasi. Mama ndiye aliyeniambia nikirudishe. Anasema nafasi ya chini bado ipo.

Ni mimi kaka yako, nikupendaye hata nikiwa nimechoka,
Thadeus Ongeri