Nimeamia Shamba Lako, Mama

Mama,

Shikamoo. Najua hakuna wa kuniitikia marahaba, lakini nimeshindwa kuanza bila kukuamkia. Ungesema nimekosa adabu kwa sababu tu umekufa.

Nimechoka, Mama. Sina namna nyingine ya kulisema. Bado niko palepale kwenye mashine ya kukoboa mpunga, hapa Ifakara mjini. Inanguruma tangu asubuhi, na nikitoka jioni masikio yanaendelea kunguruma yenyewe. Nyumbani nako, baa ya jirani wameongeza spika, na upande wa pili kuna kanisa jipya la turubai, nao wana spika zao na hawataki kushindwa. Watoto wanagombania rimoti. Simu inalia, kumbe ni kundi la jumuiya, mtu katuma sala ya kurekodi, ndefu, chini yake watu wameandika amina. Na mimi naandika amina, sijaisikiliza.

Hilo ndilo ninalotaka kukuambia. Tangu tukuzike sijasali. Mdomo umesali, ndiyo. Rozari ya jumuiya naongoza mimi, maana walisema mtoto wa Mama Deo hawezi kukataa. Lakini mimi mwenyewe na Mungu, hapana. Hata sala ya kukuombea wewe pumziko sijaweza kuimaliza. Naianza vizuri, nafika kwenye jina lako, basi, nakwama. Siku moja nilipita kanisani mchana, kukiwa hakuna mtu, nikasema leo nimepata. Nikapiga magoti, nikaegemeza kichwa kwenye benchi. Nilikuja kuamshwa na mama anayefagia, na alikuwa amenifunika mgongo kwa kitenge chake. Niliona aibu, ingawa usingizi wenyewe ulikuwa mtamu.

Nikajiambia shida ni mji. Nikakukumbuka wewe kule shambani Michenga, msimu wa kuamia ndege wasile mpunga, umekaa juu ya dungu, kile kichanja chako cha miti, peke yako kutwa nzima, na bonde lote la mpunga limelala mbele yako. Nilikuonea wivu, Mama. Nikasema ndiyo maana alikuwa na imani, alikuwa na nafasi.

Basi mwaka huu mpunga ulipoanza kuweka maziwa, mke wa kaka Deo, ambaye ndiye analima lile shamba lako sasa, akajifungua. Hakuna wa kuamia. Nikaomba ruhusa kazini, bosi akanuna, nikaenda. Nilibeba Biblia na rozari na kitabu cha nyimbo, utadhani naenda mafungo. Ungenicheka.

Asubuhi ya kwanza nikapanda dunguni, nikajifunika khanga, nikafumba macho. Nikasema, haya Mungu, sasa tuko wawili. Mama, wale ndege walikuwa wananisubiri nifumbe macho! Nilichosikia ni sauti ya Mama Limi, yule Msukuma wa shamba la jirani: "Dada weee! Unasali nini na mpunga unaliwa?" Kufumbua macho, kona yote ya mtoni masuke yameinama kwa ndege. Nikavuta kamba ya upande ule, makopo yaliyofungwa juu yake yakalia, wakaruka, wakatua kona ya pili. Nikavuta ya pili, wakarudi mtoni. Shambani kuna utulivu, nani aliniambia? Makopo, filimbi, watu wa mashamba yote wanafoka, redio ya Mama Limi, pikipiki zinapita kwenye tuta. Afadhali mashine, ina swichi.

Jioni nilimuuliza Mama Limi wewe ulikuwa unasali saa ngapi humo. Alicheka mpaka akakaa chini. "Mama yako? Si alikuwa anagombana na Mungu hukohuko anakogombana na ndege! Sisi wote tulikuwa tunasikia." Akanionyesha kamba zako. Ya mtoni ilikuwa ya Deo. Ya barabarani ya marehemu baba. Ile ya kwenye kichuguu, inayokatikakatika, ilikuwa yangu. Kila ukivuta unaita mtu. Ee Baba, mwangalie Deo, haaa! Mwangalie huyu wa mashine, asije akakatwa mkono, haaa! Miaka yote ulikuwa unarudi nyumbani umekaukiwa sauti, sisi tukidhani ni ndege tu.

Siku iliyofuata nilijaribu kuita kama wewe, nikaona haya. Mama Limi yuko pale, anasikia. Nikawa navuta kamba kimyakimya, nimenuna kama bosi wangu.

Halafu ikaja siku moja, mchana, jua kali. Viganja vimechubuka, njaa inauma, na likashuka kundi la ndege ambalo mwisho wake siuoni. Nilisimama nikaanza kulia. Nikapiga kelele, Mama, sikuchagua maneno. Nilimwuliza Mungu kwa nini alikuita siku ya kazi. Kwa nini Deo anipigie, simu ilie mfukoni mwangu na mashine inanguruma nisiisikie, nije nipate habari umeshafunikwa shuka. Nilimwambia, wewe Mungu, hukunipa hata nafasi ya kumuaga mama, halafu unataka nikae kimya mbele yako nikusifu? Haaa! Nilivuta kamba zote. Nikaita jina lako lote, la ubatizo na la ukoo, nikasema alichoka huyu, alichoka sana, mpumzishe! Haaa!

Na kutoka dungu la pili Mama Limi akajibu, "Amina!" akapiga debe lake.

Nilikaa nikalia tena, lakini macho nikayaacha wazi. Nilikuwa nimejifunza.

Sasa nimerudi mjini. Mpunga umevunwa, ndege nao walipata wao. Sitakudanganya kwamba nimepata utulivu. Sijaupata, na nimeacha kuutafuta, maana hata kuutafuta kulikuwa kunanichosha. Lakini nakuahidi hili: sitamsubiri tena Mungu mpaka watu wanyamaze. Nitamwambia hapohapo, kwa sauti ya kushindana na mashine, mchovu hivihivi.

Kwaheri, Mama. Leo asubuhi nilikuwa namimina mpunga wa mteja, nikaanza ile sala ya kukuombea pumziko. Nikafika kwenye jina lako. Nikalitamka, nikaendelea mpaka mwisho.

Mwanao,
Beata