Mikono Nyuma kwenye Dirisha la Dawa

Jumatatu, 13 Aprili 2015

Siku ya kwanza. Duka la dawa liko Gungu, jirani na kijiwe cha bodaboda. Mlezi wangu wa taaluma anaitwa Bi. Honorata, mfamasia, Mha wa Kasulu. Watu wote wanamwita Madamu. Leseni yake iko ukutani ndani ya fremu. Nimemwamkia, akaitikia, halafu akaielekezea kidole — ile ni nini? Leseni, Madamu. Ya nani? Ya kwako.

"Basi mikono nyuma."

Maana yake nisimame nyuma yake kutwa, mikono nimeifunga mgongoni, nitazame. Asiye na leseni hagusi dawa. Boksi limeanguka miguuni pangu, nikainama — "Ikram!" Nikasimama. Akaliokota mwenyewe.

Naandika mpango ulivyo ili nisijidanganye huko mbele. Shirika limetuchukua wanane tuliomaliza kidato cha nne. Kila mmoja kapewa mtu mwenye leseni ya kazi anayoitaka, akae naye mpaka mwisho wa Juni aone kama kazi inamfaa. Mlezi akisema "huyu namsimamia", shirika linalipa ada ya chuo. Asiposema, basi. Na mimi sina mwingine wa kunilipia. Mama hayupo. Baba yuko Kalemie, ng'ambo ya ziwa, na biashara zake na mke wake mpya. Simu yake inaita tu.

Bibi kaniuliza leo nimefundishwa nini. Kusimama, nikasema. Akacheka mpaka akakohoa.

Alhamisi, 16 Aprili

Nimekutana na Khalfani njiani, mmoja wa sisi wanane. Yeye kapewa wakili. Ameshavaa tai! Akanipigia kelele mbele ya watu: "Mfamasia wa kutazama! Leo umetazama panadol ngapi?" Nikamjibu hata yeye hajamtetea mtu bado, anabeba mkoba tu. Akasema ndiyo, lakini mkoba anaushika kwa mikono yake.

Nimecheka. Nyumbani nimegundua ni mazungumzo marefu kuliko yote niliyofanya wiki hii.

Madamu haongei. Dukani kuna redio lakini haiwashwi. Anakula saa saba, viazi na maharage, kimya, ananisogezea nusu.

Jumamosi, 25 Aprili

Leo! Leo lazima niandike yote.

Amekuja Mzee Kassimu kutoka kwetu Ujiji, kachukua dawa za presha za aina mbili. Madamu akamchorea kwenye karatasi, kama anavyowachorea wote — jua linachomoza, kidonge, mwezi, kidonge. Mzee akaitazama karatasi, akamtazama Madamu.

"Binti, jua nalijua tangu hujazaliwa. Mimi nieleze dawa."

Madamu akarudia. Mzee akachanganya. Akarudia tena. Akachanganya zaidi! Nikajikuta nimesema, mikono ikiwa bado nyuma: "Babu, hiki cheupe ukishaswali alfajiri. Hiki cha njano ukishaswali isha. Umemaliza."

"Aaa! Sasa huyu ndiye daktari! Wewe mjukuu wa Mwanvua, siyo?"

Akaondoka anatabasamu. Mimi nikangoja kufukuzwa. Madamu akapanga maboksi weee, ndipo akauliza nimejifunza wapi. Kwa Bibi, nikasema. Ujiji tunameza dawa kwa swala, toka zamani. Mtu anaweza kusahau saa, swala hasahau.

"Sikulijua hilo. Wakija tena, waelezee wewe."

Nimerudi nyumbani kwa miguu ili furaha isiishe haraka. Nikampigia Asia, tuliyekaa dawati moja miaka minne — yuko Dar kwa mjomba wake. Akasema yuko kwenye kelele, atanipigia. Bibi alikuwa amelala. Nimemsimulia paka wa jirani.

Jumatano, 6 Mei

Wateja hawana habari nyingine. Warundi wanavuka. Kagunga, kijijini mpakani, wamejaa ufukweni mpaka hakuna pa kuweka mguu, wanalala juu ya mchanga, wanakunywa maji ya ziwa. Mama mmoja dukani kasema ni kama mwaka wa tisini na sita, wakati ule Wakongo. Mwingine kasema ni kama sabini na mbili. Kila mtu hapa ana mwaka wake. Mama mzazi alivuka tisini na sita, ujauzito wangu tumboni. Nilitaka kuwaambia. Nani kaniuliza?

Madamu ameagiza pakiti za ORS, zile za kuwanywesha wanaoharisha, maboksi na maboksi. Asia hajapiga.

Jumapili, 17 Mei

Madamu ameombwa kwenda uwanja wa mpira mjini. Wakimbizi wanaletwa kwa meli kutoka Kagunga, wanapumzishwa uwanjani, halafu mabasi yanawapeleka kambini Nyarugusu. Kuna ugonjwa wa kuharisha, wakubwa wanasema kipindupindu. Amenipigia simu — mara ya kwanza! Njoo kesho saa kumi na mbili, vaa viatu vya kufunika.

Nikauliza: mikono nyuma?

"Mikono ibebe maboksi. Vidonge, hapana."

Jumatatu, 18 Mei

Nimechoka hadi kalamu inateleza.

Watu! Wamekaa kwenye majani ya uwanja, kwenye ngazi, chini ya magoli. Magodoro, masufuria, mbuzi mmoja. Kwenye kona ya mbali kuna mahema yamezungushiwa kamba — anayeharisha anapelekwa humo peke yake, ndugu wanabaki nje ya kamba. Harufu ya klorini.

Sisi tuna meza na dirisha la turubai. Madamu anasoma cheti cha daktari, anahesabu, anatoa. Foleni haina mwisho. Kwanza alikuwa anawaelezea mwenyewe kwa Kiha, wanamwelewa, kinafanana na Kirundi. Saa tano sauti ikamkauka. Akaniambia bila kugeuka: "Ikram, wanaojua Kiswahili waelezee wewe. Kama unavyowaelezea wa Ujiji."

Mimi! Nikatoka nyuma yake nikasimama pembeni ya meza. Mikono nyuma, kwa mazoea.

Nilianza na mama mmoja wa Rumonge, Eufrasia. Ana rozari shingoni na mtoto wa miaka miwili mgongoni, Feliksi, anapumua kwa shida — kifua. Kapewa vidonge vya kuyeyusha kwenye maji, vya siku tano, kimoja asubuhi na kimoja jioni. Hana saa. Simu ilizama ziwani. Nikamwambia: mama, usihangaike na saa. Msikiti uko hapo nyuma ya ukuta. Ukisikia adhana ya alfajiri mpe kimoja, ukisikia adhana ya magharibi mpe kimoja. Vikiisha, amepona.

"Ego, ego," akaitikia. Ndiyo, ndiyo. Akavifunga kwenye pindo la kitenge. "Sauti ikiita, nampa. Urakoze, mwanangu." Asante.

Mwanangu! Nimeitwa hivyo kutwa nzima. Sikumbuki mara ya mwisho ilikuwa lini.

Jumanne, 19 Mei

Uwanjani tena. Meli imeshusha wengine. Nimeelezea, adhana ya alfajiri, adhana ya magharibi, mpaka nimepoteza sauti kama Madamu, sasa tunanong'ona wote wawili. Jioni, tunafunga, amesema: "Una subira na watu. Hicho sikukufundisha." Akasema tena, kama anaongea na mfuko wa maboksi: Juni ikifika hatakuwa na shida ya kusema neno kwa shirika.

Sijamwambia mtu. Nimeliandika hapa ili liwe mahali fulani.

Jumatano, 20 Mei

Bibi ana homa, nimempikia uji, nimekula peke yangu. Mvua kidogo. Asia kaweka picha mpya, wako watano ufukweni wanacheka. Nimeipenda. Nimezima simu.

Uwanjani nilimwona Eufrasia kwa mbali amesimama kwenye ile kamba ya mahema. Nikampungia. Hakuniona.

Alhamisi, 21 Mei. Uwanjani

Naandika nimekaa juu ya boksi nyuma ya meza. Madamu amesema kaa hapo, usiondoke. Nitaandika kwa mpangilio. Nisipoandika nitalia, na watu wananitazama.

Mchana, saa tisa hivi. Foleni imepungua. Kuna basi linaita majina ya wa kwenda Nyarugusu. Akaja Eufrasia bila mtoto mgongoni. Akaweka mezani karatasi ya vidonge, tupu.

"Mwanangu, dawa imeisha. Nataka zingine."

Nikasema haiwezekani, mama, ni ya siku tano, umepewa Jumatatu. Zimedondoka?

"Hapana. Nimempa. Nimempa yote. Ile sauti inaita mara mingi."

Sikuelewa. Naapa sikuelewa. Nikamwambia nilisema alfajiri na magharibi. Akaitikia ego, ego — sauti. Inaita usiku bado giza, nampa. Inaita mchana, nampa. Inaita jua likilegea, nampa. Jua likizama. Halafu watu wakilala inaita tena. Akakunja vidole mbele yangu, kimoja kimoja, mpaka mkono ukawa ngumi. Sauti ni ile ile, akasema. Mimi nitajuaje anaita nini?

Jamani.

Nimezaliwa na adhana. Bibi ananiamsha nayo, nasikia tu nikajua hii ni ya adhuhuri, mvua ipo au haipo. Sijawahi hata siku moja kufikiri kwamba kwa mtu mwingine zote tano ni sauti moja.

Nikamuuliza Feliksi yuko wapi. Akaonyesha mahema. Jana asubuhi tumbo liliharibika, akaharisha, akatapika. Wakaja wenye magauni ya plastiki na mabuti, wakamchukua. Sasa jina lake limeitwa kwenye basi, na yeye hapandi. "Naenda wapi bila umwana?"

Nilijua kabla hajamaliza. Siyo kipindupindu. Ni vile vidonge. Nimevisoma kwenye karatasi ya ndani ya boksi, Madamu akiikunjua mezani, wiki tano nikiwa nimesimama, mikono nyuma — ukizidisha, tumbo. Na huyu mtoto wa kifua amelazwa katikati ya wenye kipindupindu chenyewe. Kwa maneno yangu.

Madamu alikuwa anahesabu ORS. Kulikuwa na kama nusu dakika ambayo ningeweza kunyamaza. Niiandike hiyo nusu dakika pia. Niliiona leseni yake kwenye fremu, Gungu. Niliiona Juni. Mtu akiuliza ni nani aliyeelekeza dawa ya mtoto yule, nani alimruhusu, kwa leseni ipi?

Nikasema, "Madamu, nimekosea."

Nikamweleza. Akamgeukia Eufrasia, wakaongea Kirundi na Kiha haraka haraka, nikashika neno mojamoja. Eufrasia akakunja vidole tena. Madamu akaitazama karatasi tupu muda mrefu, akaigeuza, kama kuna kitu nyuma yake.

Nikamwambia nitaenda mimi kwa daktari. Mimi ndiye niliyesema.

"Wewe hujasema kitu. Wewe huna leseni." Hakupandisha sauti. "Nilikukataza mikono. Mdomo nilikupa mimi. Dirisha ni langu."

Akavua koti jeupe, akalikunja, akaniwekea mapajani. Sijui kwa nini alivua. Akamshika Eufrasia mkono, wakaenda kule kwenye kamba.

Sasa ni zaidi ya nusu saa. Nawaona kutoka hapa. Daktari katoka, barakoa iko kidevuni. Madamu anaongea, mikono yake iko mgongoni! Yeye! Kama mimi siku ya kwanza. Daktari anatikisa kichwa. Ameita mwingine, mwenye kitambulisho shingoni, anaandika. Eufrasia amechuchumaa chini ya kamba, anachungulia. Basi limewasha injini. Wanaita jina lake tena kwa kipaza sauti. Eufrasia! Eufrasia na mtoto mmoja!

Khalfani katuma ujumbe — vipi, mfamasia, bado unatazama? Yeye ana wakili. Nimefikiria kumuuliza kuhusu leseni, nikafuta. Nimempigia baba. Imeita tu.

Nataka mtoto atoke. Nikipewa kimoja tu leo, kiwe hicho. Juni iende.

Mwenye kitambulisho anatazama huku. Madamu hageuki. Wamemfungulia kamba — anaingia! Madamu anaingia hemani, Eufrasia anabaki nje. Ameniambia nisiondoke

Adhana.

Ni alasiri. Siyo ya dawa, hii haihusiki kabisa.

Mama mmoja karibu na goli ameinua kichwa. Namjua. Nilimwelezea jana. Anafungua pindo la kitenge. Na nyuma yake, kwenye ngazi, mwingine anatafuta kikombe. Na yule