Unga Uliochachuka kwa Mazoea

Jumatatu, 2 Juni

Baba Mapacha wangu,

Leo nimecheka peke yangu jikoni mpaka paka akatoka nje. Mwoka mikate wa mjini amekubali kuujaribu unga wetu wa muhogo! Akiupenda atanunua wa kikundi chetu kizima cha wakulima, wiki hadi wiki. Hakuna tena mihogo kuozea shambani kwa kukosa mnunuzi. Sharti lake: uwe mweupe, usiwe na uchachu. Kumenya, kukuna, kukamua, kuanika — yote siku moja. Dada yako anasema natembea kama bibi harusi.

Jumatano, 4 Juni

Tumekuna tangu alfajiri. Dada yako akalikalia gunia ili maji yatoke. "Leo unene wangu umepata ajira," akasema. Mbavu zinaniuma kwa kucheka. Jua kali. Unga utakuwa mweupe pepepe.

Ijumaa, 6 Juni

Balaa. Juzi nililifunika beseni moja la muhogo uliokunwa, nikalisukuma pembeni livunde, kama ulivyopenda wewe. Mikono yangu haijapata habari za msiba. Jana nikauanika, nikausaga pamoja na ule mwingine, huku naimba! Magunia yameshaondoka ndipo dada yako akanusa chekecheke.

"Wifi, umempikia marehemu?"

Tukatazamana. Tukacheka, Mungu atusamehe. Kisha sikula.

Jumapili, 8 Juni

Mwoka mikate amekuja mwenyewe. Nimemkuta mlangoni.

"Mama, unga wako una uchachu."

"Ndiyo, baba."

"Wateja wameugombania mkate kabla haujapoa. Lakini nataka uchachu huohuo kila mara. Utaweza?"

"Ataweza huyo," dada yako akadakia.

Nimeweza lini? Mimi nilikuwa nafunika tu. Wewe ndiye uliyekuwa ukiinua kitambaa, unanusa, unasema "bado", au "sasa". Sikuwahi kuuliza umejuaje.

Beseni la jana liko hapa miguuni pangu. Nilivundika la kula mwenyewe. Mwoka mikate ametaka nimwambie limekuwa tayari au la. Yuko uani, wifi anamchelewesha kwa chai na uongo. Namsikia anacheka. Nami nacheka huku ndani.

Nimeinua kitambaa. Nimenusa. Nadhani ni sasa —

Mwoka mikate ananiita. Nikumbuke, Baba Mapacha.