Hati ya Kupekua Nyumba ya Mulenga

Jumatatu, 4 Agosti 1958

Hati tatu za kupekua leo. Zote na sentensi ileile: mtoa habari wa kuaminika, jina limehifadhiwa. Naipiga chapa bila kutazama. Bwana DC hutia sahihi huku anakunywa chai. Naandika haya kwa Kiswahili nilichookota Katanga, maana ofisini hakuna anayekisoma.

Hati ya tatu imenikera. Ngosa, mesenja wetu, alimsikia Chola kilabuni akisema Mulenga mvuvi anaficha baruti ya migodini chini ya kitanda, ndiyo maana anajaza mitumbwi samaki. Chola ni wa ukoo wa Mvua. Mulenga ni Uyoga. Watani hao! Juzi sokoni Mulenga alitangaza kuwa Chola kamuuza mama mkwe wake huko Mununga kwa mbuzi mmoja. Watu walicheka hadi kushika mbavu. Nani aliita polisi?

Nilimwambia Ngosa huo ni utani. Akajibu kuwa Inspekta anataka baruti, hataki ukoo. Tangu yule mtu wa Puta akatike mkono akivua kwa baruti, wakubwa wanamkaba koo.

Nimeipiga chapa: sasa Chola ndiye mtoa habari wa kuaminika. Mwoga mkubwa mimi.

Jumanne, 5 Agosti

Bwana DC aliniuliza kama namjua mtoa habari. Ndiyo. Amewahi kusema kweli? Inspekta alisimama mlangoni, ananikazia macho. Nikasema ndiyo, mara nyingi. Sahihi ikatiwa.

Nilipanga kwenda kumwonya Mulenga jioni. Sikwenda.

Jumatano, 6 Agosti

Nilichukuliwa niandike orodha ya vitu. Saa moja asubuhi, shoka mlangoni. Mulenga alipoambiwa habari ya baruti akacheka. Alidhani watani wake wametutuma. Kile kicheko kilimpandisha Inspekta wazimu. Kitako cha bunduki mdomoni. Meno sakafuni. Mateke ya mbavu, kisha ya kichwa. Mkewe, Bana Kunda, alimlalia kumkinga. Wakamvunja mkono. Niliusikia ukivunjika.

Chini ya kitanda: nyavu mbili, ndoana, kopo la chumvi. Wakampiga tena aseme baruti kaihamishia wapi.

Niliandika kopo la chumvi. Karatasi ililowa damu, nikanakili upya ofisini. Najichukia.

Ijumaa, 8 Agosti

Mulenga alikufa jana zahanati. Inspekta anasema alianguka akikimbia.

Mazishi leo. Kwetu mtani ndiye huchimba kaburi, na humtukana maiti ili wafiwa wapate kucheka kidogo. Chola alirudi asubuhi kutoka Chisenga, alikokwenda kununua samaki tangu Jumanne. Aliambiwa tu kwamba polisi wamemuua Mulenga. Walichokuwa wakitafuta, hakuna aliyemwambia. Alichimba peke yake huku machozi yanamtoka. Alipomaliza akasimama shimoni, akapaza sauti kama inavyompasa.

"Mulenga, lamuka! Simama, leta ile baruti yako ya chini ya kitanda!"

Bana Kunda aliinuka, akamnyooshea kidole. Maneno hayohayo aliyasikia kwa polisi.

Ndugu wa Mulenga walimshukia humohumo shimoni. Majembe, makasia, mawe. Jembe moja lilimpata begani, likakwama. Akaniona nimesimama juu ya udongo.

"Karani, nilikuwa namuchekaka tu. Ubaambie."

Nilikuwa na la kuwaambia. Mimi ndiye niliyemthibitisha kuwa mkweli. Nilitazama mpaka mkono wake ukaacha kusogea. Kisha wakamtoa kwa kumvuta miguu, wakamweka Mulenga mahali pake.

Jumapili, 10 Agosti

Chola alikaa siku mbili bila kuzikwa. Kumchimbia ni kazi ya Uyoga. Hakuna Uyoga aliyekuja.

Asubuhi nilikwenda kwa Bana Kunda nikamweleza yote: Chola alitania, mimi ndiye niliyeufanya utani kuwa ushahidi. Alinisikiliza hadi mwisho. Akafunga mlango kwa mkono wake mzima.

Basi nilichimba mimi, na Ngosa akanisaidia. Mimi ni wa ukoo wa Chui. Sina utani na Mvua. Ngosa naye hana. Tulimteremsha taratibu, tukasimama.

Mama yake Chola alisubiri. Baadaye akauliza kwa sauti ndogo kama hakuna hata mutu mumoja wa kumutukana mutoto wake.

Upepo wa ziwani ulikuwa mwingi. Tukaanza kufukia.