Sekunde Nne Kabla ya Ubeti wa Tatu

Garland,

Mimi sijambo, goti tu ndilo linanisumbua. Mahindi yamechelewa kupandwa kwa sababu ya matope, na kanisani bado wanakaanga kambare kila Ijumaa. Barua hii nimeianza mara tatu, kila mara nikaishia kuosha vyombo visafi.

Ijumaa iliyopita vijana walipiga nyimbo za bendi yenu pale ukumbi wa kanisa. Enzi zenu watu wa muziki wa kantri waliwaona ninyi wahuni wa roki, na watu wa roki wakawaona washamba. Sasa kila mwenye gitaa hapa Illinois anawaiga, mpaka ule ukimya wako wa sekunde nne kabla ya ubeti wa tatu wa wimbo wenu mkubwa. Ukumbi mzima ulibana pumzi.

"Bibi Noreen, si ulikuwepo wakirekodi?" binti mpiga ngoma akaniuliza. "Yule mzee Garland aliubuni vipi ule ukimya? Ni noma!"

"Kipaji, mwanangu," nikamjibu, nikaenda kuwaongezea watu kabichi kwenye sahani.

Ningemwambia nini? Kwamba hukubuni kitu? Kwamba uliniona kupitia kioo cha studio nikivua pete uliyonivisha na kuiweka juu ya mashine ya kurekodia, sauti ikakukwama? Miaka thelathini watu wanasema nilikukimbia, na wewe hujawahi kukanusha.

Sasa nisikilize. Sekunde zile nne sikuwa nimeondoka. Nilikuwa nimeshika kitasa cha mlango, nakungoja uache wimbo unifuate.

Ukaanza ubeti wa tatu.

Noreen