Nyufa za Benki ya Zamani

Jumatatu, 3 Machi 2025
Nimefika Jinja kutoka Mbale, nimelowa. Bosi wangu Navjot kanituma kupima benki ya zamani katikati ya mji, nichore ramani upya. Babu yake alikuwa miongoni mwa waashi walioijenga. Jengo lenyewe! Nguzo nene mbele, vigae vyekundu, kaunta ya mvule bado imo ukumbini. Benki ilihama zamani. Juu sasa ni mafundi cherehani, wote wanawake, mashine zinanguruma kutwa. Nimelipenda. Ila chumba cha hazina huko nyuma kimefungwa. Gordon, mwenye jengo, anasema funguo zimepotea. Mbona kufuli ni jipya?

Jumanne, 4 Machi
Nyufa mbili ukutani kwa mafundi, juu ya hazina kabisa. Nimebandika jasi juu ya kila ufa, vipande vidogo kama biskuti. Ukuta ukisogea, jasi inapasuka. Kiongozi wao, Nabwire, akauliza kama Gordon anataka kuwafukuza. Nikamwambia napima tu. Jibu la kijinga.

Alhamisi, 6 Machi
Jasi zimepasuka. Zote! Nikazunguka nyuma, nikachungulia tundu la hewa la hazina. Dari yake ilijengwa kwa vyuma vya reli, na ukuta wa juu umekalia hapo. Reli zimekatwa! Wauza vyuma chakavu wameingia na gesi yao ya kukatia chuma. Nikamfuata Gordon. Hakukana — reli ni zake, akasema. Nikamwambia kuna watu juu. Akasema mwaka mzima anawaomba wahame, hawasikii. Labda jengo litawaambia. Huku anakunywa chai!

Nimempigia Navjot. Akasema: chora, Selpher, mteja ni mteja. Nimemkatia simu. Naogopa.

Ijumaa, 7 Machi
Nimemweleza Nabwire yote. Amecheka. "Juzi wewe nasema napima tu. Leo nyumba naanguka? Gordon nakutuma, dada. Sisi hapana toka." Nikaenda manispaa. Mhandisi yuko safarini, kesho ni sikukuu, nirudi Jumatatu. Jumatatu!

Jumamosi, 8 Machi
Siku ya Wanawake. Mafundi wana maonyesho ya nguo huko juu, wageni wanatoka mpaka mtaa wa Walukuba. Nimepanda mapema. Nyufa hakuna! Jasi yangu hakuna! Jana jioni wamebandua kila kitu, wakaziba kwa saruji, wakapaka ukuta mzima rangi nyeupe ili Gordon akose kisingizio. Usipoziba ufa utajenga ukuta — methali wameitii neno kwa neno.

"Ona, dada," Nabwire akasema kwa fahari. "Ufa yako iko wapi?"

Rangi bado mbichi. Na juu ya rangi hiyo mbichi, mstari mwembamba, mpya, unapanda kutoka sakafuni. Mlango nao umegoma kufungwa, wameuegemezea kiti. Nikapiga kelele, nikamvuta mkono. Akanitoa nje mbele ya wenzake, akaniita kibaraka wa Gordon. Nimelia, sioni haya kusema.

Nimepigia polisi, wamesema wanakuja. Nimeketi katikati ya ngazi, begi upande huu, miguu upande ule, nimeziba njia, naandika huku nikiwasubiri. Wageni wananiruka, wamepandisha magauni yasichafuke — pole mama, tupishe kidogo. Vumbi la chokaa linaniangukia kichwani. Juu wameanza kupiga vigelegele na kucheza.

Huyu anayepanda sasa ana mtoto mgongoni. Nimemshika gauni kwa mkono wa kushoto. Ananitukana. Simwachi