Mtu Niliyemwona Akikimbia

Mjukuu wangu Zuhura,

Shikamoo yako imefika, marahaba. Hapa Ipuli dada yako amejifungua mtoto wa kike, na babu yako bado anakohoa.

Umeniuliza kama inatosha shahidi akiapa kwamba ameona kwa macho yake.

Nikiwa msichana kule Sikonge, bani la baba la kukaushia tumbaku liliungua mchana kweupe. Nilimwona mtu akikimbia.

“Ni nani?” baba akaniuliza.

“Ni Mrisho, mrina asali.” Sikusema uongo.

Wanakijiji walipomleta kwetu, Mrisho aliniambia taratibu, “Binti, nitazame vizuri.”

Nikamtazama, nikarudia jina lake. Alifukuzwa kijijini, akafia Nzega, mbali na watoto wake.

Miaka mingi baadaye, baba yangu mdogo alikiri akiwa mahututi kwamba ndiye aliyelichoma lile bani. Alikuwa mfupi mnene. Mrisho alikuwa mrefu. Nilikwenda kwa watoto wa Mrisho kuomba radhi, hawakunifungulia mlango.

Baba mdogo namwamini. Lakini hadi leo nikifumba macho, anayekimbia ni Mrisho. Nimejaribu kumwona mwingine, nimeshindwa.

Sina jibu jingine, mwanangu.

Bibi yako,
Mwajuma